Hondohondo na Mbaazi

Mibaazi ikichanua Kibwezi, asubuhi ya umande hunukia utamu mwepesi, na nyuki huvuma hadi unadhani shamba lote linachemka. Watu husifu harufu hiyo. Mimi hunichefua. Msimu ule shamba letu, lililopakana na msitu, lilikuwa manjano tupu, na mibaazi yote aliipanda mama yangu peke yake, ndugu yangu Kioko akiwa mgongoni. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Wacha waseme! Baba, dereva wa lori, alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine huko Mtito Andei, na Susu, nyanya yetu mzaa baba, akaamua kwamba kosa ni la mama. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwanawe alimshinda kumlea, akamsingizia mkaza mwana.

Siku hiyo hondohondo alikuwa akilia msituni, kile kilio chake cha kitoto. Susu aliita majirani, akamsimamisha mama uani mbele yao.

"Msikieni huyo ndege," akasema. "Mdomo mkubwa, kelele nyingi, na kesho yuko mti mwingine. Wewe ndiye huyo. Mbaazi husimama pale ulipopandwa, jua liwake, mvua ikose, na watoto wakala. Haya, ruka basi!"

Majirani wakacheka. Nilimchukia kila aliyecheka, na mpaka leo nawachukia.

Mama alifunga nguo zetu kwa leso, akaniambia, "Mwende, twende," kisha akanyoosha mikono amchukue Kioko. Susu akamvutia mtoto nyuma yake. "Ai! Mvulana ni wa boma hili. Umeona wapi ndege akiruka na kiota? Beba msichana wako." Kioko alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama akapiga magoti vumbini, akaomba, watu wakitazama. Susu akamwingiza mtoto ndani, akafunga mlango. Tulikwenda Mutomo kwa mjomba, na mbaazi zikavunwa bila sisi.

Siku hizi mama ana shamba lake, mbuzi wake, na nyumba ya mabati ambamo hakuna wa kumfukuza. Tunakula tukashiba. Susu alishakufa. Kioko ni baba wa watoto, mtu wa heshima kanisani kwao, na kila Krismasi huja kututembelea na sukari mkononi, kama mgeni yeyote. Mama humchinjia kuku, humwita mwanangu kila akimwongezea mchuzi. Naye hunawa mikono, hushukuru vizuri, halafu humwita Mama Mwende, kama majirani wanavyomwita.