Nilivyowaambia wakwe zangu Kibuta kuwa India imeipita China kwa kununua mbao

Wakuu, kwema humu? Leo najianika mwenyewe, na sitii chumvi hata punje.

Mimi ni seremala, niko Kibaha. Vitanda, makabati, maisha yanakwenda.

Shida ni baba mkwe, Mzee Seif wa Kibuta, kule Kisarawe. Hajawahi kuniona mtu wa maana. Kwake mimi ni "yule wa stuli".

Basi mwaka jana nikakutana na grafu mtandaoni. Inalinganisha thamani ya mbao ngumu ambazo China na India zimeagiza kutoka nje, mwaka hadi mwaka.

Mstari wa China unashuka. Wa India unapanda, unaukata wa China, unapita juu.

Nikaruka peke yangu karakana. India imeipita China! Na Wahindi wanapenda mitiki!

Nikaenda stationery, nikaprint kubwa, ya rangi. Safari ya Kibuta.

Jamani, nilibwabwaja. Nimesimama sebuleni kwa watu na kijiti mkononi, natamka "mwelekeo wa soko" kama nimezaliwa nao.

"Kwa hiyo mkwe, unashauri nini?" Mzee akauliza.

Tangu nimwoe binti yake, hajawahi kuniomba ushauri. Kichwa kikavimba.

"Baba, punguza mikorosho, panda mitiki."

Mama mkwe akadakia, "Mitiki si miaka ishirini? Hao Wahindi watanikuta wapi?"

Nikamjibu eti tufikirie vizazi, mama. Mimi huyu huyu, ambaye sifikirii hata Jumatatu.

Wiki iliyofuata Mzee akaangusha mikorosho sita ya nyuma ya nyumba. Na ilikuwa inazaa.

Jumapili nikaenda kukagua. Nikamkuta shangazi wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, amekuja kusalimia. Grafu yangu imebandikwa ukutani. Akavaa miwani, akanigeukia.

"Baba, hizi namba za kushoto ni za nani?"

"Za China, shangazi."

"Na hizi za kulia?"

Wallahi, kulia sikuwahi kuangalia.

"Za India," akajijibu, kwa ule upole wa kumhurumia mwanafunzi. "Kushoto wanahesabu bilioni, kulia milioni. Mistari imekutana kwenye karatasi tu. India bado iko mbali sana na China."

Mama mkwe akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani amesimama kwenye visiki. Angenitukana, ningepona haraka.

Mzee akanigeukia. "Hivi ulisoma mpaka wapi?"

"Form four, baba."

"Nimekata mikorosho yangu kwa form four."

Nikaomba radhi. Jumamosi tatu mfululizo nikaenda kuchimba mashimo na kupanda miche ya mikorosho, jua la saa saba mgongoni.

Ya tatu, mama mkwe akaniletea maji. Akatazama shimo.

"Chimba kina, baba. Kazi kama hii unaiweza."

Sijui alinisamehe au alinichamba. Maji niliyanywa yote.

Funzo, wakuu: soma namba za pande zote mbili kabla ya kufungua mdomo. Halafu jiulize kama unataka kusaidia au unataka kusifiwa. Mimi nilitaka sifa, gharama wakaibeba wengine.

Na wewe uliwahi kujifanya mtaalamu ukweni? Shusha hapa, nisiwe mjinga peke yangu.