Jeep Muzuri Isiyoona Nyuma

Munaomba niwaelezee tena, na mi ninaona haya mpaka leo, lakini nitasema, sababu kila mutu wa avenue yetu ya Kasulo amekwisha kuielezea namna yake, na mu habari yao mi niko mujinga kupita vile nilikuwa kweli.

Wakati kampuni ya madini ilikuwa inatutoa mu nyumba zetu, bakatupatia makuta, feza ya kwanza ya kuhama, na mi, dikoni wa kanisa, nikaenda kutafuta jeep ndogo. Kulikuwa mbili. Moja ya kijivu, kama sanduku, bioo bikubwa pande zote. Ingine nyekundu, mugongo umeinama vizuri kama wa chui, kioo ya nyuma nyembamba na nyeusi (kama tundu ya kutiamo barua). Rafiki yangu tata Ilunga, mwenye aliendesha malori maisha yake yote, aliniambia, "Kaa ndani, geuza kichwa. Unaona nini?"

"Ninaona kiti."

"Basi kamata ya kijivu."

"Tata Ilunga, mi natafuta bantu banione, sitafuti kubaona."

Nikakamata nyekundu.

Kisha bantu ba kampuni bakakuja kupima nyumba. Lazima niseme: nyuma ya jikoni yangu kulikuwa shimo yangu ya kuchimba kobalti, nimeifunika na mbao na turubai, na mi nilikuwa nimeapa mbele yao, mukono juu ya Biblia, kwamba kwangu hakuna shimo (avenue yote iliapa vile vile), sababu nyumba yenye shimo ilikuwa inahesabiwa ya hatari, unatoka mara moja, hakuna kungojea. Karani wao aliomba tu nisogeze motokari kidogo, apime ukuta. Mutu mwingine angeipeleka mbele. Mi nikataka bajirani baone namna inarudi nyuma, nikatia nyimbo za kwaya kwa nguvu, nikarudisha upande wa jikoni, na mu kioo niliona kiti tu, na muke wangu, mama Ngoie, alikuwa pembeni anapunga kitambaa, nikazani ananisifu, nikamupungia na mi.

Mbao zikavunjika, nyuma ya jeep ikashuka, pua ikaangalia mbinguni, kwaya ikaendelea kuimba.

Karani akachungulia. "Tata dikoni, hii shimo ni ya nani?"

"Hata mi ndio mara ya kwanza ninaiona."

Mama Ngoie akasema polepole, "Tata, koti yako inaning'inia kwa ngazi mule ndani ya shimo."

Basi bakaanza kuchungulia nyumba zote, chini ya bitanda, chini ya meza za sebule, na kila pahali shimo. Mu juma moja avenue yote ikatolewa. Bajirani bakapita mbele yangu na magodoro ku kichwa, hakuna mwenye alinisalimia, hata tata Ilunga.

Jeep ilivutwa na kamba, ikauzwa vipande vipande. Siku hizi ninatembea kwa miguu, siapi tena juu ya kitu chochote, na pasta akinipatia kusoma ile amri ya kukataza ushuhuda wa uongo, ninamwambia macho inaniuma.