Kaizari Aliyehamia Bandani

Kabla sijaona kitu, nilisikia shaba ikigonga sakafu. Leo, nikisugua dele la shaba la kahawa kwa ndimu na jivu, harufu ileile ya shaba imenirudisha utotoni, nyumbani kwa bibi mjini Ibra. Shangazi katoka safari ya Roma, anafungua sanduku, na mimi nimekwisha kuikumbatia sanamu ndogo ya shaba, ya mtu juu ya farasi, mkono kaunyoosha mbele.

"Kaizari wa Kirumi," shangazi alisema. "Ile kubwa ina karne na karne. Sanamu wenzake waliyeyushwa, yeye alisalimika kwa kudhaniwa kaizari mwengine, aliyeingia Ukristo."

"Hapa hadhaniwi," bibi alijibu. "Malaika hawaingii penye sanamu. Mkateni kichwa, ndiyo abaki."

Msumeno wa makuti ukaletwa. Nikalia, nimemng'ang'ania farasi wangu. Babu, aliyefuga farasi maisha yake yote, akanibembeleza nimpe. Akaigeuzageuza, akacheka.

"Tazama, Bi Mkubwa! Hana rikabu za kutilia miguu. Kapanda kama wazee wetu."

"Na kichwa?"

"Atalala bandani na farasi. Malaika wako watapita salama."

Bibi akamimina kahawa, akijifanya kanuna. Babu akanikonyeza, akamfunika kaizari kwa kilemba chake, akatoka naye, na mlango wa uani ukafungika taratibu nyuma yake.