Nambari ya Binti

Kwa miaka ishirini Mama Simu aliunganisha simu za hospitali. Nambari mia tatu zilikuwa kichwani mwake, na daktari aliyejaribu kumtajia ya nyumbani kwake alikatwa kauli: "Naijua."

Juzi, saa nane kasorobo mchana, alikuwa anapita mbele ya duka la dawa, simu yake ameiacha kwa fundi ibadilishwe kioo. Muuza dawa akamkimbilia, uso umemsawajika.

"Mama, chupa aliyochukua binti yako asubuhi ni ya watu wazima. Mtoto asipewe."

"Mjukuu wangu anakunywa dawa saa nane."

"Shika simu yangu. Piga."

Mama Simu akaishika. Ikamjia nambari ya zimamoto, ya chumba cha maiti, ya mganga mkuu aliyekwisha kufa. Ya binti yake haikuja hata tarakimu moja.

"Piga, Mama."

"Hebu nyamaza."

Akamrudishia simu, akavua viatu, akatoka mbio.

Alipofika, binti alikuwa amempakata mtoto, kijiko mkononi. Mama Simu akaipokonya chupa. Ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Nimekupigia mara nne nikuulize ni vijiko vingapi," binti alisema. "Hupatikani. Nikaona nikungoje."

Mama Simu akakaa sakafuni, anahema.

"Nitajie nambari yako."

"Si unayo, Mama?"

"Sina. Siku zote nilikuwa nagusa picha yako tu."