Mtoto wa Jirani Aliponikatalia Mandazi

Nilipohamia mtaa wa Kibagabaga, Kigali, baada ya kufiwa na mume wangu, mtoto wa jirani aliangua kilio kila aliponiona. Alikuwa bado hajaanza kutembea. Mama yake, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, aliongea nami Kiswahili.

"Usijali, dada. Anamlilia kila mtu mgeni. Hata baba yake alipotoka safari alimlilia."

Nilimwamini. Haukupita muda, mtoto akawa anatambaa hadi chini ya cherehani yangu kuokota vipande vya vitambaa. Alipoanza kusema, aliniita tanti, yaani shangazi. Nyumba yangu haikuwa na sauti nyingine ila yake na ya cherehani. Jioni nilimkaangia mandazi, akala akiwa amejilaza mapajani mwangu.

Alipokuwa mkubwa kidogo walimpeleka likizo kwa bibi yake, kijijini. Aliporudi nilimpa andazi. Akaficha mikono mgongoni.

"Hulitaki?"

"Waswahili wanatia dawa kwenye chakula."

Hapa Kigali, Mswahili si lazima awe mtu wa pwani. Ni Mwislamu kama mimi, na kwa baadhi ya watu ni mjanja wa kuogopwa. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kulisikia kwa sauti nyororo namna ile.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, nisamehe. Hajui anachosema."

"Najua hajui," nikamjibu. "Lakini hakuzaliwa nalo hilo."

Aliingia, akaketi mkekani, akala lile andazi mbele ya binti yake, kisha akachukua jingine. "Unaona? Mama hajafa." Mtoto alimkodolea macho mpaka alipomaliza, lakini yeye hakugusa kitu. Walipoondoka nilifunika sahani. Sikuwa na hamu ya kula peke yangu.

Wapo wanaosema chuki imo damuni. Labda woga wa mgeni umo, maana niliuona kwa mtoto yule, na uliisha wenyewe tulipozoeana. Huu wa pili alifundishwa, na aliyemfundisha anampenda. Sijui unaondolewaje.

Sasa amekuwa mwanafunzi. Akipita na wenzake hutazama chini. Akipita peke yake hunipungia mkono haraka haraka, nami huacha kushona nikampungia, hata kama ameshanipa mgongo.