Samaki Niliyemkaribisha Sebuleni

Kompyuta ya kwanza kuwekwa sebuleni mwa mtu binafsi katika mtaa wetu wa Homa Bay ilikuwa yangu. Naandika hivyo bila haya kwa sababu hakuna aliyewahi kunipinga. Nilirudi nayo kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la mbao nililolipigilia misumari mwenyewe, ikiwa imezungushiwa makoti mawili ya baridi ambayo nilijua sitayahitaji tena maishani.

Huko ng'ambo nilikuwa nimekwenda kwa nguvu zangu. Sikuwa na mjomba serikalini wala mfadhili kanisani. Niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Mbita, nikasoma kwa njia ya posta, nikapiga deki hospitali za watu kwa miaka minne, na nikarudi na diploma ya kompyuta. Niliitia kwenye fremu yenye kioo, nikaitundika sebuleni juu kidogo ya picha ya harusi. Mke wangu alipouliza kwa nini iwe juu, nilimwambia kwamba msumari ulikuwa pale tayari.

Mtu mmoja tu hakushtushwa na diploma hiyo, naye ni mama mkwe wangu. Mke wangu ni Mkuria wa Ntimaru, mimi ni Mjaluo wa ziwani, na nyumbani kwetu lugha ya kati ni Kiswahili. Tulioana kwa mkuu wa wilaya, upesi upesi, kabla sijapanda ndege. Baba mkwe alitoa baraka zake. Mama mkwe hakuulizwa. Ng'ombe walipelekwa baadaye, wote, wanono, lakini alisema ng'ombe hawajajibu swali lake, kwa nini yeye hakuulizwa. Kwa miaka saba aliniita "yule mtu wa ziwani", na hakuwahi kutia mdomoni hata tone la chai ya nyumbani kwangu.

Sasa nije kwa samaki.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nimeunganisha kompyuta na simu ya nyumbani kwa modemu, kile kisanduku kinachopiga simu Nairobi na kukoroma kama paka wawili ndani ya gunia, kisha unaingia kwenye intaneti. Jumapili moja asubuhi, wengine wakiwa kanisani, nilikuta programu ya bure. Ukiiweka, ule mshale unaotembea kwenye kioo unageuka ngege mdogo wa rangi ya fedha, anaogelea popote unapoelekeza kipanya, akitoa mapovu. Kabla ya kumpata, ilibidi nikubali masharti. Yalikuwa marefu kuliko katiba. Nilibonyeza "Nakubali" mara sita bila kusoma hata mstari mmoja, na samaki akaingia.

Alinipa heshima kubwa. Watu wa ofisini walikuja kumtazama. Mzee mmoja wa idara ya uvuvi alisema ni ngege halisi, ila mkia wake mfupi.

Baada ya wiki moja vidirisha vikaanza kuchomoza. Uko katikati ya barua, kinafunguka kidirisha cha saa za mkononi. Unakifunga, kinakuja cha kamari. Unakifunga hicho, anatokea mwanamke aliyevaa nguo chache, anacheka. Mwanzoni niliwaambia watu kwamba ndivyo inavyokuwa kompyuta ikishajulikana duniani. Waliniamini, na mimi nilikaribia kujiamini. Kisha nikatafuta injini ya boti kwa ajili ya kaka yangu, na kuanzia siku iliyofuata matangazo yote yakawa ya injini za boti na nyavu. Hapo nikaelewa. Kuna mtu alikuwa akisoma ninachosoma, na kwenda kukisimulia mahali. Tena modemu ikaanza kupiga simu yenyewe mchana, bila kutumwa.

Nilisema nitashughulikia. Fundi mwenye diploma huwa na mambo mengi.

Wakati huo ikakaribia ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba mkwe afariki. Historia yake ilitakiwa ichapwe na kusomwa kanisani Ntimaru. Kwenye mazishi, mpiga chapa mmoja wa Migori alikuwa ameruka mtoto mmoja mzima katika orodha, na mtoto huyo alisikia jina lake likirukwa mbele ya umati. Mama mkwe akaapa kwamba safari hii atasema mwenyewe neno kwa neno, na asomewe kabla hajaondoka. Mke wangu akamwambia mashine iko kwetu. Akakubali kuja. Nilijua uzito wa safari ile. Katika historia ya marehemu hutajwa aliowaacha, na wakwe pia hutajwa. Mabinti wa nyumba ile walioolewa ni wanne. Nilitaka kuhesabiwa.

Alifika Alhamisi kabla ya saa nne, na chupa yake mwenyewe ya uji na mfuko wa maharage ya kumpa binti yake. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai uso kwa uso, kwao wala kwetu. Hiyo ni heshima. Kwa hiyo mke wangu alitundika shuka mlangoni mwa chumba cha kulia. Mama akakaa upande wa ndani kwenye kigoda, akichambua yale maharage kwenye beseni, mimi upande wa sebule mbele ya kompyuta, mke wangu akasimama katikati. Mama mkwe amefanya biashara ya mpakani maisha yake yote, sabuni ikienda na vitenge vikija, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Lakini hakuniambia neno moja moja kwa moja.

"Mwambie aandike: alikuwa mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa."

"Ameandika, Mama."

"Mwambie aandike kwamba hakuwahi kumpiga mtu, isipokuwa yule mwizi wa ndama."

"Mama, kanisani?"

"Mwizi mwenyewe atakuwepo. Andikeni."

Niliandika. Vidole vyangu vilikwenda kasi, na nilijua anasikia. Tukafika kwa walioachwa.

"Ameacha mjane mmoja, watoto saba, wakwe watatu."

Vidole vikasimama. Mke wangu alinitazama, kisha akalitazama shuka.

"Mama, wakwe ni wanne."

"Nimesema watatu. Anayeandika aandike."

Niliandika watatu. Herufi sita tu, na kila moja ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa bado naitazama ya mwisho, modemu ilipolia. Ikabofya, ikapiga namba yenyewe, ikakoroma, na kidirisha kikafunguka. Mwanamke akacheka kwa sauti, kisha akasalimia kwa Kiingereza laini.

Upande wa pili wa shuka maharage yaliacha kudondoka kwenye beseni.

"Ni nani anayecheka kwenye kumbukumbu ya mume wangu?"

"Ni kompyuta, Mama," mke wangu akasema.

"Kompyuta inampigia simu mwanamke?"

Nilikifunga kidirisha. Viwili vikafunguka mahali pake, na vicheko vikapandana.

"Sasa wamekuwa wawili," akasema mama mkwe.

Nilichomoa waya wa simu. Bado wakacheka, maana matangazo yale yalikuwa yameshajihifadhi ndani ya mashine. Nikachomoa spika. Nyumba ikawa kimya.

"Amewanyamazisha haraka," sauti ikasema nyuma ya shuka. "Amezoea."

Nilimsikia akisimama. Alimwambia binti yake achukue nguo mbili tatu, waende wote Ntimaru. Mengine yatajadiliwa na wazee. Mke wangu alimsihi angalau asubiri maandishi, maana historia ya baba ilikuwa imo humo kwenye mashine pamoja na hao wacheka-ovyo.  Kigoda kikalia, amekaa tena.

"Mwambie nitachambua maharage haya. Yakiisha, naondoka, na wewe unaondoka."

Sijawahi kufanya mtihani wenye saa mbaya kama ile. Kwanza nilihifadhi historia kwenye disketi, nikaiweka mfukoni. Kisha nikafungua orodha ya programu na kumwondoa samaki. Kompyuta ikaniuliza kama kweli nataka kumwumiza samaki mdogo. Nikasema nataka. Akapotea, na mke wangu akamweleza mama kwamba samaki wa kwenye kioo ndiye aliyewaleta wale wanawake, na sasa ameondoka. Nikazima, nikawasha, nikasubiri zile dakika ambazo mashine za wakati huo zilihitaji kuamka, na kioo kilipopata mwanga yule ngege alikuwepo, anaogelea na mapovu yake.

"Amerudi?" mama mkwe akauliza.

"Amerudi," mke wangu akajibu. Sikuwa nimemruhusu kujibu.

Nikamwondoa tena. Akarudi tena. Maharage yaliendelea kudondoka, tik, tik, na sauti ilizidi kuwa ya chini kadiri beseni lilivyojaa. Ndipo akasema, si kwa huruma, bali kama mtu anayechoshwa na kazi mbaya:

"Mwambie kwetu mpakani, askari wakimrudisha mtu ng'ambo ya mpaka asubuhi, na jioni ukamkuta sokoni, humtafuti yeye. Unatafuta nyumba inayompikia."

Diploma yangu ilikuwa juu ya kichwa changu, nyuma ya kioo. Nakiri haikuwa na sentensi hiyo.

Nikafungua orodha ya programu zinazoamka kompyuta inapowashwa. Samaki alikuwemo. Chini yake kulikuwa na nyingine, yenye jina la kistaarabu kabisa, ikijiita msaidizi wa modemu. Modemu yangu haikuwa na msaidizi, niliifunga mwenyewe. Huyo ndiye aliyekuwa akimpikia samaki, akimfufua kila asubuhi, akipiga simu mchana kupeleka habari. Niliwaondoa wote wawili kwenye orodha. Nikawasha mashine kwa ile hali ya tahadhari, ambayo huamsha vitu vya lazima tu, ili wakutwe wamelala. Kisha nikatafuta kila faili lililoingia siku ile moja waliyoingia, nifute mzizi na matawi.

"Anatafuta nini tena?" mama mkwe akauliza.

"Siku waliyoingia, Mama."

"Waliingia lini?"

Mke wangu akanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema virusi, neno ambalo watu wa Homa Bay walikuwa wanaliheshimu. Badala yake nikasema kwa sauti, moja kwa moja, jambo ambalo mkwe hapaswi kulifanya bila sababu kubwa:

"Jumapili, Mama, wakati wa ibada. Sikuibiwa. Niliwakaribisha mimi. Waliniletea karatasi ndefu ya masharti, nikakubali bila kuisoma, kwa sababu nilimtaka samaki."

Haragwe moja likadondoka. Kisha:

"Kumbe ndiyo tabia yake. Anatia sahihi kwanza, halafu ndiyo anauliza kilichoandikwa."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka, lakini nilielewa kwamba hatuzungumzii samaki peke yake.

Nikafuta mafaili arobaini na kitu. Nikazima, nikawasha. Kioo kilipata mwanga. Mshale ulikuwa mshale. Nikarudisha spika, nikarudisha waya wa simu, tukangoja wote watatu bila kupumua sana. Hakuna aliyecheka. Modemu ilikaa kimya kama mgeni mwenye adabu.

Niliingiza disketi, nikafungua historia. Mke wangu akasogea nyuma ya kiti changu, akaniinamia sikioni.

"Badilisha," akanong'ona. "Mama hasomi. Mchungaji atasoma wanne, na yatakuwa yamekwisha."

Ilikuwa kazi ya vidole viwili. Nilitazama kile kineno. Halafu nikakumbuka nyumba ile imejaa hasira kwa sababu kitu nilichokiamini kilikuwa kikifanya mambo yake gizani nyuma ya mgongo wangu.

"Nikifanya hivyo," nikamwambia, bila kunong'ona sana, "mimi na yule msaidizi wa modemu tuna tofauti gani?"

Nikasoma historia yote kwa sauti, tumbaku, kanisa, mwizi wa ndama. Nilipofika kwa walioachwa sikupunguza sauti wala mwendo. "Ameacha mjane mmoja, watoto saba, wakwe watatu." Nikaendelea hadi mwisho.

"Asome tena pale kwa wakwe."

"Wakwe watatu."

Nilisikia beseni likisukumwa sakafuni. Maharage yalikuwa yamekwisha. Yalikuwa yamekwisha zamani, mke wangu aliniambia baadaye, na mama alikuwa amekaa tu na mikono mapajani.

"Mwambie mkwe wangu afute hapo," akasema. "Aandike wanne."

Nilifuta. Niliandika. Nikawasha printa, ikaanza kugonga mistari yake kwa kelele ambayo mtaa mzima uliisikia, na kwa mara ya kwanza sikujali kama wanaisikia. Mke wangu alipeleka chai nyuma ya shuka bila kuulizwa, na kikombe kikarudi kitupu.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, niliona pale kwenye wakwe kuna nafasi nzuri iliyobaki mwishoni mwa mstari. Nikamwomba mke wangu amwulize mama kama naweza kuongeza maneno mawili matatu, kwamba mmoja wa wakwe hao ana diploma ya ng'ambo.

Jibu lilikuja upesi.

"Mwambie wale watatu wana mashamba ya tumbaku, na sikuyaandika."