Mwanaidi Aliyesikia Yote

Mwanaidi binti Salehe alikuwa fundi cherehani Kahama, kwenye baraza ya duka la mumewe, Bashiri. Asubuhi moja ya mwaka 1981 alikuwa akikunja pindo la gauni, kitambaa kikamponyoka mkono wa kulia. Alipoinama kukiokota, akaanguka pamoja na kiti.

Hospitalini wakasema ni kiharusi. Siku ya kwanza vidole vilicheza kidogo, na maji aliomba mwenyewe. Siku ya tatu mkono ukalala kabisa, na kila alipofumbua kinywa likatoka neno lile lile: "Sukari." Alikuwa akitaka kugeuzwa, maana ubavu ulimuuma. "Sukari," akasema. Bashiri akamnywesha chai.

Bashiri alianza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Aliyemfuata daktari alikuwa mke mwenza, Mwasiti, ambaye kwa miaka mingi alizungumza na Mwanaidi kwa kupitia watoto tu.

"Daktari, juzi alikuwa anaongea. Mbona anarudi nyuma?"

Daktari Donatus akasimama kando ya kitanda. "Mama, mshipa umeziba, sehemu ya ubongo imekufa. Sasa ubongo una seli zake za ulinzi. Zimekimbilia pale kula kilichokufa. Lakini zikipandwa na hasira zinamwaga sumu, na sehemu ya jirani iliyo hai nayo inavimba na kuumia."

"Basi zizuieni."

"Dawa ya kuzituliza hatuna. Na tungezizuia zote, nani angesafisha? Baadaye hizo hizo husaidia kuponya. Tusubiri uvimbe ushuke."

Mwanaidi alisikia kila neno. Walinzi wake mwenyewe ndio waliomfungia ndani. Alitaka kuuliza watafungua lini. "Sukari," akasema, na machozi yakamtoka.

Uvimbe ulishuka, akarudishwa nyumbani, lakini neno halikubadilika. Majirani walikuja kumpa pole, wakamjadili mbele yake kama wanajadili marehemu. Siku moja Bashiri akaingia na mnunuzi.

"Cherehani iko pale," akasema. "Mwenyewe hataishonea tena."

Mwanaidi alipiga kelele, au ndivyo alivyodhani. Kilichosikika ni sukari, sukari, sukari. Mnunuzi akaangalia chini kwa aibu.

"Muulize kwanza," Mwasiti akasema kutoka mlangoni.

"Nimuulize nini mtu ambaye akili imemtoka?"

Mwasiti akaketi mkekani, akaushika mkono wa kushoto wa mwenzake. Hakuwa amewahi kuushika. "Dada, wanataka kuuza cherehani yako. Kama hutaki, nibane."

Mwanaidi alimbana hadi Mwasiti akauma midomo.

"Hataki," akamwambia mumewe. "Njoo uone vidole vyangu."

Mnunuzi akaaga. Tangu siku ile ndani ya nyumba walimuuliza kwa mkono: anataka maji, anataka kugeuzwa, nani amemchosha. Mwaka uliofuata maneno machache yalirudi, yakiwa yamechanganyika. Mkono wa kulia haukurudi. Mwasiti akaanza kushona kwenye cherehani ile, na Mwanaidi akaketi karibu naye barazani, akiiona mishono ikienda kombo, akitafuta neno la kumwambia alegeze uzi.